Kopo Lipi Baada ya Kupiga Chuma? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Maswali haya kuhusu makopo ya virutubisho vya mazoezi yanasikika kwenye jimu za huku kusini kila jioni, zile zenye vioo ukutani na zile za uani ambako chuma chenyewe ni bomba lililochomekwa kwenye makopo ya zege. Majibu ni ya mtu mzima mwenye afya njema. Mwenye ugonjwa wa figo, sukari, presha au selimundu, mjamzito na anayenyonyesha, aongee na daktari kabla ya kununua chochote.

Kocha, nimeanza chuma mwezi huu. Nichukue kopo gani?

Usichukue. Mwanzoni mwili wako unaitikia mazoezi yenyewe, na kinachokurudisha sawa ni sahani, maji na usingizi wa saa 7 hadi 9. Anayelala kwa muda wa saa tano tu halafu anauliza kuhusu kopo, ameuliza swali la pili kabla ya la kwanza.

Ukishazoea, na ukahakikisha unakula vizuri, ni vitu viwili tu kwenye rafu nzima ambavyo ningekushauri uvifikirie: kreatini, na unga wa protini iwapo chakula hakifikii kiwango. Vingine vingi vilivyopangwa pale ni rangi, ladha na matumaini.

Nahitaji protini kiasi gani kwa siku?

Chukua uzito wako kwa kilo, zidisha mara 1.6. Hiyo ndiyo gramu za protini zinazomtosha mnyanyua vyuma wa kawaida. Wengine huenda hadi 2 au juu kidogo, hasa wanapopunguza mwili, lakini faida ya kuzidi hapo ni ndogo.

Tumchukue kijana wa kilo 70. Anahitaji gramu 112. Sasa tuipitie siku yake ya kawaida hapa Mtwara. Asubuhi kanywa chai, kala muhogo wa kuchemsha na mayai mawili: mayai yamempa gramu 12, muhogo karibu hakuna. Mchana kala wali, kikombe cha mbaazi za nazi na kipande cha samaki kinachokaribia gramu 150. Samaki peke yake ni kama gramu 33, mbaazi 11, wali 4. Jumla ya mchana 48. Alasiri kiganja cha karanga, gramu 7. Usiku ugali na dagaa wakavu waliopikwa, tuseme gramu 30 za dagaa kabla ya kupikwa: dagaa 18, ugali 10, jumla 28.

Jumlisha: 12, 48, 7 na 28 ni 95. Amepungukiwa gramu 17. Pengo lake ni hilo tu, na glasi mbili za mtindi zinaliziba. Skupu moja ya unga, yaani kijiko cha kupimia cha kwenye kopo, nayo inaliziba. Kwa hiyo swali la kununua kopo ni swali la pengo lako: wengi hawajawahi kulipima, wanakimbilia kununua kilo mbili za unga kuziba kitu ambacho mayai matatu yangekimaliza.

Lakini yupo mwingine ambaye siku nzima ni chai na chapati, mchana chipsi kavu, usiku wali na mchuzi wa kupakaza. Huyo hafiki hata gramu 50. Kabla ya dukani, huyo apitie kwanza feri asubuhi boti zinapoingia, kisha sokoni kwenye magunia ya mbaazi, kunde na choroko.

Protini ya mbaazi na karanga inahesabiwa kweli? Nimesikia ni ya nyama tu.

Inahesabiwa. Protini ya mimea ina upungufu wa baadhi ya amino asidi, yaani vipande vinavyoijenga protini, na humeng'enywa kwa kiwango cha chini kidogo kuliko ya samaki au yai, ila ukichanganya nafaka na jamii ya kunde ndani ya siku hiyohiyo, upungufu wa huku unajazwa na kule. Wali kwa mbaazi na ugali kwa kunde vilishamaliza kazi hiyo zamani. Asiyekula nyama wala samaki aongeze tu kiasi.

Tahadhari moja kuhusu korosho. Kwa kuwa tuko nyumbani kwake, watu huihesabu kama chakula cha protini. Kiganja cha gramu 28 kina protini kama gramu 5 lakini kina kalori zaidi ya 150, nyingi kutoka kwenye mafuta. Ni chakula kizuri, na kina magnesi ya kutosha kiasi kwamba sioni sababu ya mla korosho kununua vidonge vya magnesi. Ila anayetaka kupungua asile bakuli zima akidhani anajenga misuli.

Ni lazima ninywe ndani ya dakika 30 baada ya zoezi?

Hapana. Jumla ya siku ndiyo yenye uzito, na kugawa protini kwenye milo mitatu au minne, gramu 20 hadi 40 kila mlo, kunasaidia zaidi kuliko kukimbizana na saa. Ukila ndani ya saa mbili hivi, uko salama. Anayepaswa kuwahi ni yule anayefanya mazoezi alfajiri tumbo likiwa tupu tangu jana usiku.

Wei ni kitu gani hasa, na nitajuaje unga mzuri?

Wei ni maji ya maziwa yanayobaki jibini linapotengenezwa, yakachujwa na kukaushwa kuwa unga. Ni chakula, si dawa. Ina lusini kwa wingi, amino asidi inayoamsha ujenzi wa misuli, na tumbo huimaliza haraka.

Geuza kopo, acha picha ya baunsa aliyepo mbele. Tafuta mistari miwili: uzito wa skupu moja na protini iliyomo. Skupu ya gramu 33 yenye protini gramu 24 ina kama asilimia 73, hiyo ni sawa kwa wei ya kawaida. Iliyochujwa zaidi hufika asilimia 90 na bei yake iko juu. Ukikuta skupu ya gramu 100 yenye protini gramu 20, hiyo ni gaina, unga wa kuongeza uzito, na sehemu kubwa ni sukari na wanga wa maltodekstrini. Uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa na maziwa unafanya kazi ileile kwa pesa kidogo. Ukisoma viungo ukaona glisini au taurini zimewekwa ndani ya unga wa protini, kuwa macho: ni amino asidi za bei rahisi, na zipo kampuni zinazoziongeza ili kipimo cha protini kionekane kikubwa.

Kati ya kopo na mayai, nini rahisi?

Bei zinabadilika, kwa hiyo nakupa hesabu badala ya bei. Kopo la kilo moja lenye skupu 30, kila moja na protini gramu 24, lina gramu 720 za protini. Trei ya mayai 30, yai moja likiwa na gramu 6, ina gramu 180. Kopo moja ni sawa na trei nne. Uliza bei ya trei leo, zidisha kwa nne, kisha muulize muuza kopo. Likizidi hapo, unalipia wepesi wa kukoroga na kunywa. Wepesi nao una thamani yake kwa anayetoka kazini bandarini na kuingia jimu moja kwa moja, silaumu. Ila ujue unalipia nini, pamoja na nauli ya basi kutoka Dar es Salaam ambayo muuzaji lazima airudishe.

Nikinywa unga wa protini tumbo linaunguruma na gesi haziishi. Ni feki?

Huenda ni laktosi tu. Watu wazima wengi wa jamii zisizo za wafugaji hawaimeng'enyi vizuri sukari hiyo ya maziwa. Punguza iwe nusu skupu, au tumia wei iliyochujwa zaidi, au unga wa soya. Mtindi huwapa wengi nafuu kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Kreatini inafanya kazi kweli? Haiharibu figo?

Inafanya kazi, na katika vyote vinavyouzwa kwa jina la virutubisho vya mazoezi ndiyo iliyochunguzwa kuliko karibu vyote. Mwili wenyewe huitengeneza, na tunaipata kwenye samaki na nyama, ila ili upate gramu 5 ungehitaji kula kilo moja au zaidi kwa siku. Kazi yake ni kuharakisha kurudishwa kwa nguvu ya ghafla ndani ya msuli, kwa hiyo kati ya seti na seti unarudi haraka, unaongeza rudio moja au mawili, na baada ya miezi hayo marudio ndiyo yanayokuwa misuli.

Chukua ya aina ya monohaidreti, gramu 3 hadi 5 kila siku, siku za mazoezi na za kupumzika. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinaangukia humo humo. Saa yoyote, na chakula au bila. Kuanza kwa gramu 20 kwa siku kwa wiki moja kunajaza misuli haraka, lakini si lazima, na baadhi huharisha. Ukienda taratibu utafika kwa wiki tatu au nne. Aina nyingine zenye majina marefu na bei mara mbili hazijaishinda monohaidreti. Kopo la gramu 300 ni siku 60 hadi 100, na ndiyo maana mwenye pesa ya kopo moja tu na anayekula vizuri, namwelekeza huku.

Wiki za kwanza mzani unaweza kupanda kilo moja au mbili. Ni maji yanayoingia ndani ya msuli, si mafuta.

Kuhusu figo: kwa mtu mwenye figo nzima, tafiti hazijaonyesha madhara kwa dozi hizi. Hofu inatoka kwenye kipimo. Hospitali hupima kreatinini kwenye damu ili kujua hali ya figo, na kreatini unayokula huvunjika kuwa kreatinini hiyohiyo, kwa hiyo namba inaweza kupanda bila figo kuwa na tatizo. Ukienda kupima, iwe Ligula, Sokoine Lindi au kituo cha jirani, mwambie daktari kwamba unatumia. Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila ruhusa.

Vipi BCAA na glutamini?

Hifadhi pesa yako. BCAA ni amino asidi tatu ambazo tayari zimo kwenye samaki, mayai na wei. Glutamini hutumika kwa baadhi ya wagonjwa hospitalini, ila kwa mnyanyua vyuma anayekula kawaida haijaonyesha faida ya maana.

Siku ya pili baada ya kupiga miguu siwezi kushuka ngazi. Nameza diklofenaki, ni sawa?

Maumivu ya namna hiyo hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, kisha huondoka yenyewe. Hayamaanishi umeumia, na wala si kipimo cha zoezi zuri. Kutembea, kujinyoosha kidogo na kula kunatosha.

Dawa za maumivu kama ratiba ya kila baada ya mazoezi ni tabia ninayoipinga. Utafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden uliwapa vijana ibuprofeni miligramu 1,200 kila siku kwa wiki 8 huku wakinyanyua vyuma. Misuli yao haikuongezeka kama ya wenzao waliopewa aspirini ya dozi ndogo. Tena diklofenaki juu ya mwili uliokauka maji kwa joto letu ni mzigo kwa figo na tumbo.

Lipo jambo moja la kuwahi hospitali bila kusubiri: misuli imevimba, maumivu yamezidi kawaida na mkojo umekuwa wa rangi ya kola. Hiyo ni misuli iliyovunjika na kumwaga protini yake kwenye damu, na inaweza kuziba figo. Huwapata hasa waliorudi jimu baada ya muda mrefu wakataka kufidia yote siku moja. Mwenye selimundu, hata mwenye vinasaba vyake tu bila kuugua, awe mwangalifu zaidi hapa.

Vidonge vya vitamini C vinaharakisha misuli kupona?

Dozi kubwa, gramu nzima kwa siku pamoja na vitamini E, huweza kupunguza ishara ambazo mwili hutumia kujijenga baada ya zoezi. Kiasi kinachotoka kwenye matunda hakina shida hiyo. Na msimu wa mabibo ukifika, bibo moja lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa, nalo mara nyingi linaozea chini ya mkorosho wakati mtu anapanga foleni kununua vidonge.

Na yakishakuwa uraka, pombe ya mabibo?

Nilijua litakuja. Pombe nyingi baada ya zoezi hupunguza ujenzi wa misuli hata ukiwa umekunywa protini. Katika jaribio moja lililochapishwa 2014, ujenzi ulishuka kwa asilimia 24 kwa waliokunywa pombe pamoja na protini. Kiasi walichopewa kilikuwa cha kulewa hasa, si kikombe kimoja. Gongo ni hatari kwa sababu zake nyingine, na hakuna kopo la kulifidia.

Madafu yanatosha kurudisha maji?

Yana potasi nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho hutoa sodiamu zaidi. Kunywa dafu lako, halafu kula chakula chenye chumvi ya kawaida. Anayetoka jasho sana apime uzito kabla na baada ya zoezi: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji, na anywe lita moja na robo au na nusu kuirudisha.

Ile poda ya kunywa kabla ya zoezi inasaidia kupona?

Nguvu yake kubwa ni kafeini, mara nyingi miligramu 150 hadi 300 kwa skupu, sawa na vikombe viwili au vitatu vya kahawa. Wengi wetu tunapiga chuma saa kumi na mbili jioni jua linapokaribia kuzama, na nusu ya kafeini hiyo bado iko mwilini saa tano baadaye. Utapata seti nzuri na usiku mbaya. Kwa upande wa kupona, hiyo ni hasara.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Fanya zoezi saa moja kabla ya kufuturu, na liwe jepesi, au baada ya tarawehe. Kreatini iendelee usiku, na daku usiiache.

Tatizo kubwa ni meza ya futari. Magimbi, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji, ndizi: vyote vitamu, vyote wanga. Mtu anashiba kabla hajagusa protini. Anza kwa tende na maji, kisha weka samaki au mayai kwenye sahani kabla ya kaimati. Kula tena baada ya tarawehe, na daku iwe na maharage, mayai au mtindi. Hapa skupu ya unga ina nafasi yake kweli, kwa sababu saa za kula ni chache na tumbo limejaa.

Dada akitumia protini na kreatini atakuwa na mwili wa kiume?

Hapana. Hazina homoni. Hesabu ya protini ni ileile ya uzito, na kreatini gramu 3 hadi 5. Kitu ambacho dada aangalie zaidi ni damu: uchovu usioisha hata baada ya kupumzika unaweza kuwa upungufu wa madini ya chuma mwilini. Apime kwanza wingi wa damu, asianze vidonge kwa kubahatisha.

Mwanangu yuko sekondari na anataka kujazia. Nimnunulie?

Mnunulie mayai, mama. Na umtafutie mtu wa kumfundisha kunyanyua kwa mkao sahihi.

Kuna vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa vifuko vidogo, na jamaa wa sindano. Vipi hivyo?

Vidonge vingi vya aina hiyo ni deksamethasoni au siproheptadini. Deksamethasoni ni steroidi, lakini si ile ya kujenga. Inajaza uso maji na mafuta, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa na inakula misuli uliyoihangaikia. Ukiitumia muda mrefu ukaacha ghafla unaweza kuanguka, kwa hiyo aliyekwisha zoea aende kwa daktari ampunguzie taratibu. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi.

Sindano za kujazia ni testosteroni na ndugu zake. Misuli inakuja, sikudanganyi. Vinakuja pia korodani kusinyaa, mbegu kupungua, matiti, moyo kupanuka, na sindano iliyochangiwa huleta homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Anayeshiriki mashindano akumbuke kwamba kwa kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, mchezaji anawajibika kwa kilichokutwa mwilini mwake hata kama hakujua.

Nitajuaje kopo si bandia?

Kagua utando wa ndani ya mfuniko, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na jina la mwagizaji. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa ziko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwa hiyo ukiwa na shaka na kopo la protini, pa kuuliza ni TBS. Nembo za Informed Sport au NSF Certified for Sport zinamaanisha bidhaa imepimwa na mtu wa tatu, na namba ya toleo unaweza kuitafuta kwenye tovuti zao. Usinunue unga wa kupimiwa kwa kijiko kutoka kopo lililofunguliwa, hata kama muuzaji ni rafiki yako. Hujui kilichoongezwa humo, naye pengine hajui.

Unga wangu umeshikana mabonge. Niutupe?

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na kopo likiachwa wazi usiku mmoja wa masika linashika. Kreatini iliyoganda lakini haina harufu wala ukungu unaweza kuisaga na kuitumia. Unga wa protini ukibadilika rangi, ukawa na madoa au harufu ya uchachu, utupe. Tumia kijiko kikavu, funga kwa nguvu, weka kabatini mbali na jiko na dirisha la jua. Ukishauchanganya na maji au maziwa, unywe ndani ya saa moja au mbili. Kreatini nayo usiikoroge kwenye chupa ya kesho, maana majini huvunjika taratibu.